Delta ya Tana Haina Ardhi Tupu

Mto Tana unapofurika, vijiji vingi vya delta hugeuka visiwa. Wakazi wa Idsowe, karibu na Garsen, wanaifahamu vyema hali hiyo: barabara hukatika, mtumbwi huchukua nafasi ya gari, na kila kipande cha ardhi iliyoinuka huwa na thamani yake. Kwa hivyo, wataalamu wanapojadili namna nchi ndogo za visiwani zinavyoweza kujiendeleza kwa rasilimali zao chache, sisi wa bara tusidhani kwamba mjadala huo hautuhusu.

Kisiwa hakina pa kuhamia. Nauru, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki chenye ukubwa wa kilomita mraba 21 tu, kilipata uhuru mwaka wa 1968, na kwa muda mapato ya fosfeti yaliwafanya watu wake wahesabiwe miongoni mwa matajiri wa dunia. Fosfeti ilipochimbwa ikaisha, sehemu kubwa ya ardhi ya kati ilibaki miamba isiyolimika. Jirani zetu wa Shelisheli walifuata njia nyingine. Waliichora ramani ya bahari yao kwa kuwauliza wavuvi, wenye hoteli na wanasayansi ni nani anayetumia sehemu gani, na kufikia mwaka wa 2020 walikuwa wameitenga asilimia 30 ya bahari hiyo kuwa hifadhi. Mwaka wa 2018 waliuza hatifungani ya dola milioni 15 kwa ajili ya uchumi wa bahari.

Je, sisi katika Tana tumeuliza swali hilo la Shelisheli? Kwa miaka mingi wapangaji wa miradi wameziita sehemu za delta "ardhi isiyotumika". Mwanaisimu hawezi kulipita neno kama hilo bila kulichunguza. Isiyotumika na nani, na katika msimu upi? Mpokomo hupanda mpunga maji ya gharika yanapopungua. Kiangazi kinapokaza, Muorma na Mwardei huleta ng'ombe wao kupitia malka, yaani njia za mifugo za kufikia mto. Mvuvi naye hutegemea maziwa kama Shakababo, ambayo hujazwa na mafuriko hayo hayo. Afisa anayefika kwa wiki moja huona uwanda mtupu. Akirejea baada ya miezi mitatu, ataukuta umejaa.

Gharama ya kutouliza tumekwisha kuilipa. Mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA ulibomolewa na mafuriko ya El Niño ya mwaka wa 1997. Mpango wa TARDA na kampuni ya Mumias wa kulima miwa katika maelfu ya hekta ulifikishwa mahakamani mwaka wa 2008. Kisha, mwaka wa 2012, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma. Hapana shaka siasa iliuchochea moto huo, lakini kuni zake zilikuwa ugomvi wa maji, mashamba na malisho.

Ni haki kukiri kwamba hatua zimepigwa. Mwaka huo wa 2012 hekta 163,600 za delta ziliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwaka wa 2013 Mahakama Kuu iliagiza wenyeji washirikishwe katika kuupanga matumizi yake, na mwaka wa 2015 ukazinduliwa mpango wa matumizi ya ardhi unaozitambua njia za mifugo pamoja na mashamba.

Hata hivyo, mpango usioeleweka haumlindi mtu. Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyasimamia mazingira. Tangazo la mradi huweza kusomwa redioni kwa Kiswahili, lakini ripoti yenyewe ya athari kwa mazingira kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Gasa kwa Wapokomo au wa Matadeda kwa Waorma atatoaje maoni juu ya kitabu asichoweza kukisoma? Ninapendekeza kwamba ripoti ya kila mradi wa delta iandikwe kwa Kiswahili pia, isomwe barazani, na iambatishwe kalenda inayoonyesha nani hutumia ardhi ile mwezi baada ya mwezi.

Kalenda hiyo inaweza kuanzia shuleni. Walimu wa Garsen na Idsowe wana wanafunzi wa jamii zote darasani. Wawape kazi ya kuwahoji wazazi na babu zao, kisha waziweke habari hizo pamoja. Walimu wa Nairobi nao wawakumbushe wanafunzi wao kwamba maji ya bwawa la Ndakaini na umeme wa Masinga na Kiambere hutoka katika bonde la mto huo huo. Kila maji yanapozuiwa juu, kuna shamba la mpunga chini linalosubiri gharika.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenye mtaji na akaribishwe Tana. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni ameingia akiamini kwamba nyumba haina mtu.