Picha ya bone haifundishi mtu kufuma bone

Tangu baridi ya asubuhi ianze kuuma hapa Lubumbashi, simu zetu zimejaa picha za bone za watoto. Katika makundi ya WhatsApp ya wamama wanaofuma kroshe, kila siku unaona tano, kumi: nyekundu, ya rangi mbili, ya masikio ya paka. Chini yake maneno ni yale yale: "Bravo mama! Inapendeza!" Kisha mmoja anauliza: "Yaya, unaanzaka namna gani?" Hapo kimya. Ao anarudishiwa kidole gumba tu.

Kwangu mimi, hiyo haijafika kuitwa kushirikishana kazi. Ni kuonyeshana tu.

Bone inafundishwa kwa hesabu. Kwa mshono wa kubana, ule wengi tunaita maye sere, unaanza na vitanzi 6 ndani ya duara. Mzunguko wa pili unakuwa 12, wa tatu 18, wa ine 24, na unaongeza 6 kila mara mpaka duara itoshe juu ya kichwa. Ukisahau kuongeza, inajikunja kama kikombe mbele ya wakati. Ukizidisha, pembeni inafanya mawimbi kama jani la shu. Tena kuna namba ya sindano, ile iliyoandikwa kwenye mpini: 4 ni milimita 4. Anayefuata hesabu ile ile kwa sindano ya 6 na uzi mnene atapata bone ya baba, si ya mtoto. Haya yote yanaingia katika ujumbe wa mistari mitano. Hayaombi hata video, na video, tuseme ukweli, inakula mega. Picha ine za mikono katikati ya kazi, na sauti fupi, zinatosha.

Najua juu ya nini wengi wananyamaza. Rafiki yangu mmoja alituma hatua zote za triko aliyoibuni. Wiki mbili kisha, mtu wa kundi lile lile alikuwa anaiuza sokoni kwa bei ya chini, na picha ya kuitia wateja ilikuwa ya rafiki yangu, mkono wake na pete yake vinaonekana. Alilia. Sasa hatumi kitu. Simlaumu: watoto wake wanasoma kwa pesa ya uzi. Mwenye kubuni modeli yake akitaka kuiuza, aiuze, aseme bei, hakuna haya. Lakini hesabu ya 6, 12, 18 haikubuniwa na mtu wa kundi letu. Tuliipewa bure, na mama, na masista, na jirani mlangoni. Kuificha hiyo, hapana.

Na tukiangalia vizuri, kilichomwuma rafiki yangu kupita bei ni jina lake kufutwa. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume wanafuma nguo ya rafia na wanawake wanaitia nakshi, na nakshi mpya inaweza kubeba jina la aliyeibuni. Wengine wanaiga, lakini jina linabaki. Sisi pia tuko na sheria juu ya haki za watunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986. Lakini nani atapeleka bone kwenye tribinali?

Basi tuanzie ndani ya makundi. Anayetuma modeli aandike ameipata kwa nani. Anayeuza kwa picha ya mwingine atolewe, hata kama ni mukubwa, hata kama ni ndugu ya msimamizi. Kundi moja linaweza kufika watu 1.024, msimamizi hawezi kuona yote. Mwenye kuona asiseme "haiko shida yangu".

Siku ya posho nitatuma yangu: bone ya mtoto wa miezi 6, sindano ya 4, picha ine. Niliifundishwa na mama mkwe, nitaandika hivyo. Atakayeona imejikunja asifumue yote: arudie mzunguko wa tatu, mara nyingi ni pale inaharibika, ahesabu kama kweli ni 18.