MAMA NA NYUMBA YAKE: Munkoyo unaponuka

Mwezi huu tuseme juu ya jambo linaloleta maneno katika lupango: harufu ya munkoyo. Nyumba ni ndogo, chombo kiko karibu na kitanda, na jirani anauliza: «Mama, kwako kunanuka nini?» Hapo wengine wanafunika chombo kwa nguvu. Hapana. Kwanza ujue harufu inatoka wapi.

Munkoyo muzuri unanuka uchachu kidogo, sawa maziwa ya kuganda, pamoja na harufu ya mizizi yake. Hiyo si kitu. Ukinuka siki, umekaa siku mingi, ao hewa na nzi wameingia. Ukinuka kuoza, chombo kilikuwa kichafu: umwage, usiufiche kwa sukari.

Fanya hivi. Osha chombo kwa maji ya kuchemuka, ukianike kwa jua. Pika uji wa mahindi, uuache mpaka uwe vuguvugu, ndipo utie mizizi iliyopondwa. Uji wa moto sana unaua nguvu ya mizizi. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza, hewa ipate njia. Weka fasi ya baridi, inje ya chumba cha kulala na mbali na choo. Unywe kesho yake. Ukizidi kukaa unakuwa pombe, usiwape tena watoto. Na machicha usiyatupe nyuma ya nyumba, ndiyo yananuka kupita yote: uyafukie siku ileile.

Sasa neno kubwa. Kwetu Likasi, mji wa shaba na wa asidi ya Shituru, bidoni za kazi zinafika mpaka sokoni, bei kidogo. Bidoni iliyobeba asidi, mazuti ao dawa, usiitie munkoyo. Plastiki inanywa dawa. Maji ya moto na sabuni haviitoi. Hata ndoo ya mabati si nzuri: uchachu unakula zinki, na zinki inaingia katika kinywaji, watu wanatapika na kuumwa tumbo.

Harufu ya kuoza inakuonya mbele ya kunywa. Lakini kuna sumu isiyonuka kabisa. Kwa hiyo, mama, siku ya kununua bidoni usitosheke na kuinusa. Uliza ilibeba nini. Muuzaji akikosa jibu, uiache palepale.