Ujumbe wa Bodi si Uzumbe

Wapo wananchi katika milima ya Usambara wanaoombwa kuwa wajumbe wa bodi za vyama vya hiari vinavyotunza urithi wa utamaduni. Kazi hiyo haina mshahara. Kwa kuwa haina mshahara, wako wanaoidharau. Na kwa kuwa ina jina kubwa, wako wanaoitamani kwa ajili ya jina tu. Wote hao wamekosea, nasi twaona ni wajibu wetu kulisema jambo hili waziwazi mbele ya wanachama na wafanyakazi.

Kwanza yafaa ieleweke ni mali gani inayotunzwa. Vuga ilikuwa makao makuu ya dola ya Wakilindi, na Kimweri ye Nyumbai aliitawala nchi kutoka hapo hadi alipofariki mwaka 1862. Habari za dola hiyo twazijua kwa sehemu kubwa kwa sababu mtu mmoja, Abdallah bin Hemedi, ambaye hakuwa Mkilindi, alijitaabisha kuziandika kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19. Na kitabu chake kikachapwa upya mwaka 1962. Lau asingeshika kalamu, mengi yangalizikwa pamoja na wazee waliomsimulia.

Lakini urithi si habari za watawala peke yao. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha huko Mlalo mpango wake wa kuhifadhi udongo, kisha ikaueneza Usambara. Wakulima walilazimishwa kupiga matuta kwenye miteremko mikali, na aliyekataa alitozwa faini. Mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama, ambao ndio waliokuwa na jembe mkononi siku zote. Wananchi walikataa, TANU ikasimama pamoja nao, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango huo ukaachwa. Huo ni urithi wa wakulima, nao ni urithi wa Chama. Sasa na tuulize: ni nani aliyeyaandika maneno ya akina mama wale? Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1957 leo anakaribia 90. Bodi inayoahirisha vikao vyake mara tatu kwa kukosa akidi yaweza kumkosa shahidi ambaye hatapatikana tena.

Mali hii ina sheria yake pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu na majengo yaliyofanywa kwa mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo vitu vya zama za Kimweri ye Nyumbai vimo katika ulinzi huo, wala hakuna mtu binafsi, awe mjumbe wa bodi au mtoto wa ukoo mkubwa, mwenye ruhusa ya kuvichimbua na kuviuza apendavyo. Mjumbe asiyeijua sheria hiyo ni sawa na mlinzi asiyejua mlango anaoulinda.

Tena mambo haya yamevuka bahari. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani waliweka mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Mtaalamu wao mmoja, Karl Braun, alikusanya wakati wa kazi yake mamia ya vitu vya wenyeji, na leo vimo katika makumbusho ya mji wa Stade, Ujerumani. Makumbusho ya Taifa letu yameshirikiana na watu wa Stade katika kuvichunguza. Hilo ni jema. Lakini siku vitu kama hivyo vitakapojadiliwa, wanavijiji wa milima hii watahitaji watu wa kuwasemea: watu wenye kumbukumbu zilizoandikwa, wenye hesabu safi, na wenye idhini ya wenzao. Chama cha hiari ambacho daftari lake la mihutasari limepotea hakitasikilizwa na mtu, Dar es Salaam wala Ulaya.

Basi kazi ya mjumbe ni ipi? Ni kuhudhuria. Ni kusoma karatasi kabla ya kikao, si kuzifungua kikaoni. Ni kumwuliza mweka hazina fedha zimetoka wapi na zimekwenda wapi, hata kama mweka hazina huyo ni shemeji yake. Ni kuhakikisha kwamba ukoo umeombwa ruhusa kabla ya mgeni kupelekwa makaburini au katika msitu wa matambiko, na kwamba mzee aliyesimulia habari zake anazijua haki zake juu ya maneno yake. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inadai kila shirika litoe kila mwaka taarifa ya kazi zake pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kujitolea hakumwondolei mtu wajibu huo. Asiyelipwa naye hukabidhiwa mali ya watu, na mwenye kukabidhiwa huulizwa.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye njaa hawezi kujitolea. Hoja hiyo ina haki yake, nasi hatuipuuzi. Mchuma chai akikosa siku moja shambani hukosa ujira wa siku hiyo. Mkulima akishuka Lushoto kutoka kijiji cha mbali hulipa nauli kwenda na kurudi. Dawa yake si kuzigeuza bodi kuwa mahali pa kuchuma posho, wala si kuwaachia viti vyote wenye magari na wastaafu wa maofisini. Dawa ni kumrudishia mjumbe nauli yake kwa stakabadhi, bila kuongeza senti. Ni kufanya kikao siku ambayo mfanyakazi ana nafasi, na katika kijiji chenyewe panapowezekana. Bodi ya urithi wa wakulima isiyo na mkulima hata mmoja ni kichekesho.

Wapo pia wanaoingia katika bodi hizi kama ngazi ya kupandia uchaguzi. Kwa wanachama wenzetu twasema bila kuficha: anayetaka kura na aziombe mahali pake. Akitumia jina la mababu wa watu kujipigia debe, anawadhulumu mababu hao na anakiaibisha Chama.

Wasambaa wana kipimo chao cha zamani cha uongozi. Husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Wakuu waliposhindana wao kwa wao hata njaa ikaingia, nchi ilihesabiwa kuwa imeharibiwa, hata kama wakuu wenyewe walikuwa wameketi juu ya viti vya heshima. Uzumbe wa kurithi uliondolewa kisheria mwaka 1963, na hatuutaki urudi kwa mlango wa nyuma ukiwa umevaa jina la ujumbe wa bodi. Lakini kipimo kile hakikufutwa, nacho chawafaa wajumbe wa leo. Wanachama wa vyama hivi wakipime nacho kila mjumbe katika mkutano wao mkuu: anayeiponya nchi wamrudishe, na anayeiharibu wamshukuru kwa muda aliokalia kiti, kisha wamchague mwingine.