Ibonyeze yote, ila malipo bonyeza mwenyewe

Wauzaji wenzangu wa Dunda na Bagamoyo yote, siku hizi kuna programu za akili mnemba unaziambia tu "nipandishie bidhaa hizi", zinaingia kwenye tovuti zisizoijua, zinasoma, zinabonyeza na kujaza zenyewe. Anthropic walitoa ya kwao Oktoba 2024, OpenAI wakaja na Operator Januari 2025.

Mimi nasema tuzitumie, ila kwa mpaka. Ukurasa mgeni zinajifunza kwa kujaribu: zinaangalia skrini, zinabonyeza, zinaona kilichotokea, zinarudia. Kwenye kipimo cha WebArena cha mwaka 2023, iliyofanya vizuri zaidi ilimaliza kazi 14 tu kati ya 100. Watu walimaliza 78. Zimeboreka sana tangu hapo, lakini bado zinakosea.

Ikikosea maelezo ya dagaa au mkeka, unafuta. Ikikosea namba ya kutumia pesa, mtaji umeondoka.

Kwa hiyo ipe kazi zinazorekebishika: kupandisha picha, kulinganisha bei za jumla, kukusomea maelekezo ya leseni kwenye mfumo wa Tausi. Kabla ya kutuma chochote, soma mwenyewe. Namba ya siri, na ile ya uthibitisho inayoingia kwa SMS, usiipe hata siku moja. Tapeli anaweza kuficha maagizo ndani ya ukurasa, programu ikayatii ikidhani ni yako.

Msaidizi mpya dukani humwachii droo ya pesa siku ya kwanza. Na huyu ni hivyo hivyo.

Wewe ungeiachia kazi gani? Tuambie hapo chini 👇