Programu ya balansi isifunguke mara mbili

Sisi wachimbaji wa mukono tunajua kuchunga balansi. Mufuko ukipanda, macho yetu yote iko pale. Mashine ya tenere ikipigwa, kila mutu anainama asome. Lakini ordinatere ya depo, ile inaandika kilo na franka, tunaipatia mugongo. Njo kule hesabu inaharibika.

Ilitupata sisi wenyewe. Asubuhi karani alifungua programu ya kupimia. Ordinatere ilikuwa nzito, akafikiri haikusikia, akabonyeza tena. Programu ikafunguka mara mbili, dirisha moja nyuma ya lingine, kila moja na daftari ile ya asubuhi. Mifuko yetu ikaandikwa katika la kwanza, ya wengine katika la pili. Jioni, lile alilofunga mwisho likaandika daftari nzima juu ya ile ya mwenzake. Majina yetu hakuna! Tike iko mukononi, na kwenye kese wanatujibu: "Ordinatere haibajue." Mama moja kati yetu alikuwa anangojea ile feza ya minervale ya watoto.

Hatusemi karani alituiba. Programu njo ilimuruhusu.

Na dawa iko, watengenezaji wa programu wanaijua tangu zamani. Programu ikiamka, inaomba Windows kufuli moja yenye jina lake. Ya kwanza inapewa. Ya pili inakuta kufuli imekwisha kushikwa, inaleta mbele dirisha la kwanza, halafu inajifunga yenyewe. Ni kama kamba ya shimo: mwenzako akiwa anashuka, wewe unangoja.

Wengine wanaacha fishie ndogo kwenye diske, alama ya kusema "niko ndani". Hapa Kolwezi hiyo itatuchosha. Umeme ukikatika, fishie inabaki, programu inakataa kufunguka. Karani anaifuta kwa mukono, anazoea, na siku moja anaifuta wakati programu ingine inatumika kweli. Kufuli ya Windows, programu ikikufa, inaachiliwa palepale.

Lakini inachunga ordinatere moja tu. Depo yenye ordinatere mbili juu ya daftari moja, kufuli iwekwe kwenye daftari lenyewe.

Wenye madepo, pale Musompo na kwingine: asubuhi, mbele ya mufuko wa kwanza, mubonyeze mara mbili sisi tukiangalia. Dirisha la pili likifunguka, tunabeba mifuko yetu kwa jirani.