LIVU YA MTOTO MMOJA ISILIPWE NA UPWEKE WA MTOTO MWINGINE

Ndugu Wafanya Kazi,

Tumeyaona matangazo ya safari za meli katika Bahari ya Karibi. Mzazi anaambiwa: njoo na watoto wako, sisi tutawatunza. Mabwawa ya kuogelea yako, michezo iko, chakula mchana na usiku, na vyumba vya watoto vina yaya ili baba na mama wapumzike. Yote hayo ni kweli. Lakini tangazo halisemi ni nani afanyaye kazi hiyo, wala watoto wake yeye wako wapi. Ni wajibu wetu kulisema hilo, maana vijana wetu wa Kenya nao wamo katika meli za namna hiyo, na wengine wanatafuta nafasi.

Kwanza wanachama waelewe kwamba hatugombani na livu. Livu yenye mshahara ni haki iliyopiganiwa na vyama vya wafanya kazi, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka zisipungue siku 21 za kazi kwa mwaka. Mtoto kukaa juma zima na wazazi wake, bila king'ora cha kiwanda kuwatenganisha, ni jambo jema. Tunalolikataa ni livu ya mmoja kujengwa juu ya kunyimwa kwa mwingine.

Tazameni meli moja tu, Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024. Ikijaa huchukua abiria 7,600, nao wafanya kazi ni 2,350. Ina mabwawa saba, na sehemu nzima iliyotengwa kwa ajili ya familia zenye watoto wadogo. Makao ya kampuni yako Miami. Meli hutoka Miami na kurudi Miami. Lakini bendera inayopepea juu yake ni ya Bahamas, na kampuni yenyewe imeandikishwa Liberia. Wenzao wengine hutumia bendera ya Panama au Bermuda.

Kwa nini? Kwa sababu sheria ya Marekani ya kima cha chini cha mshahara haimfikii baharia aliye katika meli isiyo ya Marekani. Ukibadili bendera umebadili sheria. Mchezo huu sisi tunaujua. Mwenye kiwanda huweka mkandarasi katikati, nawe ukidai haki yako unaambiwa, "Wewe si mtu wangu." Huko baharini mkandarasi ni kitambaa cha rangi juu ya mlingoti.

Chini ya kitambaa hicho wako wapishi, madobi, watumishi wa meza na wa vyumba. Wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia, India na visiwa vya Karibi vyenyewe. Huandikwa kwa miezi sita, minane au zaidi, na kazi ni siku zote saba za juma. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa Shirika la Kazi Duniani, uliotungwa 2006 na kuanza kutumika 2013, umeweka mipaka. Lakini nchi yenye bendera ikichagua kuhesabu mapumziko, inatosha baharia apewe saa 77 za kupumzika kwa juma. Pigeni hesabu wenyewe. Juma lina saa 168. Toeni 77, zabaki 91. Na hiyo ndugu zetu ndiyo kinga! Kenya iliukubali mkataba huo 2014. Marekani, ambako ndiko wanakotoka wengi wa abiria hao, haijauridhia.

Sasa mfikirieni yaya yule. Mchana kutwa anamchezesha mtoto wa mgeni, anampaka rangi usoni, anamfundisha wimbo. Mtoto wake mwenyewe yuko kwa bibi, naye humwona katika simu akipata nafasi. Aliyemwacha akitambaa atamkuta anakimbia.

Machi 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha safari, abiria walishushwa wakarudi kwao pamoja na watoto wao. Wafanya kazi makumi ya maelfu walibaki melini kwa majuma na miezi, huku serikali na makampuni yakibishana jinsi ya kuwarudisha. Hapo ilionekana wazi ni livu ya nani na ni kifungo cha nani.

Wako wasemao: "Baharia huyo alikwenda kwa hiari yake, na kwao angepata kidogo zaidi." Hoja hiyo ni kongwe. Kama ingekuwa hoja ya haki, wafanya kazi wa Mombasa wasingeweka kazi chini Januari 1947. Njaa ya mtu haimpi tajiri ruhusa ya kupanga mshahara kwa kipimo cha njaa hiyo.

Wengine husema abiria hutoa bakshishi. Ni kweli, makampuni mengi humtoza kila abiria bakshishi ya kila siku, hata mtoto. Lakini mshahara ni deni la mwajiri. Bakshishi ni deni hilo hilo akitwishwa mgeni.

Kwa hiyo tunasema hivi:

(1) Kijana asimlipe wakala hata senti moja ili apate kazi melini. Mkataba wa 2006 unakataza. Gharama zinazoweza kuwa zake ni pasi, cheti cha daktari, kitabu cha baharia na hati nyingine za namna hiyo.

(2) Asitie sahihi mkataba asiousoma, na abaki na nakala yake. Ni haki yake kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwenye meli, kabla ya kutimiza miezi 12.

(3) Ajiunge na chama cha mabaharia. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi limezipinga bendera hizi za kukodi tangu 1948, lakini haliwezi kumtetea vema mtu aliyejitenga.

(4) Serikali yetu iwakague mawakala wa mabaharia, na wanaokula pesa za vijana washitakiwe.

Na mzazi mwenye uwezo wa safari hiyo, tunamwomba aiulize kampuni kabla ya kulipa: yaya wa mwanangu analipwa kiasi gani, na lini mara ya mwisho alikwenda kwao?

Wawakilishi wa matawi wawasomee habari hii vijana wanaotafuta kazi za melini, hasa Mombasa.

Umoja ni nguvu.