KIVULI SI SADAKA

Kila mwaka Januari ikiingia, Dar es Salaam huwaka moto. Mpaka Machi, mchukuzi wa Kariakoo husukuma mkokoteni juu ya lami inayochoma, mama lishe hupika baina ya jua na jiko, na mtoto wa shule husoma chini ya bati lisilo na dari. Tena joto la pwani lina hila yake. Hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na mwili hauna njia ya kujipoza. Usiku nao hauleti nafuu, kwa maana zege na lami vilivyokunywa jua mchana kutwa hulitapika usiku kucha.

Tukilalamika tunaambiwa: "Hapa ni pwani, joto ni la Mungu." Maneno hayo tunayakataa. Jua ni la Mungu, lakini mji ni kazi ya watu. Mungu hakukata mwembe wa barabarani, wala hakujenga ukuta ukaziba upepo wa bahari.

Wakoloni waliijua siri hii vizuri sana. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliugawa mji huu kanda tatu kwa kanuni za majengo. Kanuni zilitaja aina ya nyumba tu, rangi ya mtu hazikuitaja. Lakini matokeo yake kila mtu aliyaona: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja ukaachwa uwanja mtupu ili kututenga. Walipojenga Oyster Bay katika miaka ya 1930, walichagua ufukwe wenye upepo, wakapima viwanja vipana vyenye bustani. Mwafrika akabaki Kariakoo, nyumba kwa nyumba, bati kwa bati. Hivyo kivuli na upepo viligawanywa kama mishahara ilivyogawanywa.

Bendera ile ilishuka mwaka 1961. Leo mji hauna kanda za rangi, lakini una kanda za fedha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Tunauliza: wangapi kati yao wana mti mmoja mbele ya mlango?

Wakubwa wana jibu moja tu: kiyoyozi. Ndugu zetu, tuelewane. Kiyoyozi hakiui joto. Hulitoa chumbani na kulitupa nje, pamoja na joto la mashine yenyewe. Ubaridi wa bwana aliye ndani hulipwa na machinga aliyeketi chini ya dirisha lake. Tena gesi zake zikivuja huongeza joto la dunia nzima; kilo moja ya gesi iitwayo R-410A ina nguvu ya kilo zaidi ya 2,000 za hewa ukaa katika miaka 100. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali yakapatana kuzipunguza gesi za namna hiyo.

Hatusemi viyoyozi vyote ving'olewe. Chumba cha upasuaji kina haki ya baridi, na chanjo vilevile. Tunachokataa ni kujenga nyumba ya vioo inayotazama jua la alasiri, kisha kuteketeza umeme mchana kutwa ili kuipoza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliye baridini hamjui anayeungua.

Wengine watasema hakuna fedha. Na watazame Ahmedabad, India. Mwezi Mei 2010 joto lilipita digrii 46, na watu zaidi ya 1,300 walikufa kupita hesabu ya kawaida. Mji ule haukungoja utajiri. Mwaka 2013 ulitoa mpango wake: wananchi hupewa onyo kabla ya siku kali, waganga na wauguzi hufundishwa dalili za maradhi ya joto, na baadaye paa za nyumba za maskini zikaanza kupakwa rangi nyeupe ili zirudishe jua lilikotoka. Na watazame Freetown, mji wa Waafrika wenzetu. Mwaka 2021 uliteua ofisa wa kushughulikia joto, Bi Eugenia Kargbo, na akina mama wa sokoni wakajengewa vivuli juu ya meza zao.

Na elimu hii si ngeni kwetu. Mji Mkongwe wa Unguja ulijengwa kwa kuta nene za mawe na chokaa, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huitilia nyingine kivuli. Wazee waliijua kazi. Sisi tumeidharau, tukaiga vioo vya nchi za baridi.

Kwa hiyo tunadai. Mti wa barabarani usikatwe mpaka mwingine umepandwa, na atajwe mtu wa kuumwagilia. Kila soko na kila kituo cha basi kipate kivuli na maji ya kunywa. Kila shule ipate dari, matundu ya hewa na paa jeupe. Ramani ya jengo isipitishwe bila kuonyesha upepo utapita wapi. Na wenye kazi za juani wapewe mapumziko saa za mchana mkali, bila kukatwa ujira.

Wanachama, mkutano wa mtaa ujao simameni mkamwulize diwani mambo haya, moja baada ya jingine. Akijibu kwamba joto ni la Mungu, mwombeni aufanye mkutano nje, saa saba mchana, nanyi mkae naye mpaka jibu lipatikane.